Barua Zenu: Vodevili na Watu Waliokuwa Vitini

Toleo lililopita niligusia vodevili, ile burudani ya Marekani ambayo kuanzia miaka ya 1880 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930 iliwapandisha jukwaa moja, kwa tiketi moja, mwimbaji, mbwa waliofunzwa, mfanya mazingaombwe, wachekeshaji wawili wanaogombana na binti anayetembea juu ya waya. Barua zilizofika zimenipa furaha kubwa, kwa sababu karibu zote zimeacha habari za wasanii na kuuliza habari za watazamaji. Mimi nilianza kazi nikiwa binti wa sarakasi, nikaimalizia nyuma ya pazia nikiwa msimamizi wa jukwaa, na kwa miaka yote hiyo kitu nilichokichunguza zaidi ni watu walioketi gizani. Basi tuingie.

Shikamoo Mama. Ni kweli wasanii wa vodevili walirushiwa nyanya na mayai viza, au ni mambo ya sinema tu? Mimi ni mwanafunzi wa uigizaji na naogopa hata kuwaza.

Marahaba, mwanangu. Ni kweli, ila haikuwa kila ukumbi.

Kabla ya vodevili, maonyesho mchanganyiko ya Marekani yalikuwa mambo ya baa: wanaume, bia, moshi wa sigara, na maneno ambayo mtu hayatamki mbele ya mamake. Tony Pastor, mwimbaji aliyekuja kuwa mwenye ukumbi, aliona kwamba nusu ya wateja wake wamebaki nyumbani. Tarehe 24 Oktoba 1881 alifungua ukumbi Mtaa wa 14, New York, akaahidi onyesho ambalo mtu anaweza kuja na mkewe na watoto asione haya. Ili kuwavuta akina mama alikuwa akitoa zawadi: unga, makaa ya mawe, paja la nguruwe, hata cherehani. Mama alikuja kwa ajili ya unga, akarudi wiki iliyofuata kwa ajili ya vicheko.

B. F. Keith wa Boston alikwenda mbali zaidi. Nyuma ya jukwaa lake lilibandikwa tangazo la kuwaonya wasanii kwamba neno moja la mtaani lingewakosesha kazi. Na watazamaji nao walifundishwa: waligawiwa kadi zilizochapwa zikiwaomba mabwana wasiweke sigara mdomoni, wasipige sakafu vishindo kwa miguu wala kuigonga kwa fimbo, na kwamba pongezi nzuri ni makofi ya mikono. Mtu aliyekuja na nyanya mfukoni hapo angejikuta barabarani nayo.

Vitu viliruka kwenye kumbi za bei ya chini, hasa usiku wa wasiozoea jukwaa, pale yeyote aliporuhusiwa kupanda ajaribu bahati yake. Kwenye ukumbi wa Miner's, mtaa wa Bowery, New York, msanii akishindwa watu walipiga kelele kwamba fimbo iletwe. Fimbo ndefu yenye ncha iliyopinda ilitokea pembeni mwa pazia, ikamnasa kiunoni, akavutwa nje huku mdomo bado uko wazi katikati ya wimbo. Walicheka sana. Mimi sijaweza kulicheka hilo hata siku moja, kwa sababu nimewashika mikono vijana wanaosubiri kupanda kwa mara ya kwanza na najua jinsi viganja vyao vinavyolowa jasho.

Halafu kuna akina dada wa familia ya Cherry, wakulima kutoka Marion, Iowa. Walitunga onyesho lao wenyewe la nyimbo, mashairi na maigizo ya kufunza maadili, wakaliamini kwa moyo wote. Watu walikuja kuwazomea. Mnamo Novemba 1896 Oscar Hammerstein, akiwa hoi kwa madeni, aliwapeleka New York kwenye ukumbi wake wa Olympia kwa sababu hiyohiyo ya ubaya wao, na watu walijaa. Imesimuliwa mpaka leo kwamba walicheza nyuma ya wavu wa kuzuia mboga. Wenyewe walikana. Gazeti moja lilipochapa maneno makali kuhusu nyuso zao, mikono yao na sauti zao, waliwashtaki wenye gazeti, na mwaka 1901 Mahakama Kuu ya Iowa iliamua kwamba anayejionyesha kwa umma kwa malipo anaweza kukosolewa hata kwa ukali, ilimradi hakuna nia ya kudhuru. Hukumu hiyo bado inatajwa katika sheria za magazeti za Marekani. Miaka miwili baada ya hukumu mdogo wao, Jessie, alifariki kwa homa ya matumbo. Kila ninaposoma habari zao namfikiria yeye, msichana aliyepanda jukwaani usiku baada ya usiku akijua kinachomsubiri, na akapanda tu.

Na kuna mayai ya aina nyingine kabisa. Ndugu wawili wa jina la Russell, wanaume, kwa miaka mingi walivaa magauni na kuigiza vijakazi wa Kiayalandi, walevi na wapumbavu. Watu walicheka, Waayalandi wenyewe wakiwamo. Lakini watoto wa vijakazi wale walikua, wakasoma, wakapata kazi za maana, na Januari 1907 vyama vya Waayalandi wa New York viliingia ukumbini kwa mpango maalumu, vikawazomea na kuwarushia mayai hadi wakashindwa kuendelea. Mchezo haukuwa umebadilika hata neno moja. Walioketi vitini ndio walikuwa wamebadilika. Wewe unayeanza uigizaji, ukitaka kuogopa kitu, yaache ya Bowery uyatafakari mayai haya. Waliorusha walikuwa na haki ya kuudhika.

Mama, kikundi chetu cha sarakasi huwekwa cha kwanza kila onyesho, watu wakiwa bado wanatafuta viti. Tunaona tunadharauliwa. Je, vodevili nao walifanya hivi?

Walifanya hivihivi, na ni jambo ninalolijua kwa mwili wangu.

Mwaka wangu wa kwanza sisi ndio tuliofungua pazia. Nilikuwa nasimama kwa mikono juu ya viti vitatu vilivyopandanishwa, kichwa chini, taa za ukumbini hazijazimwa. Sura za watu sikuziona. Nilikuwa naona viatu. Viatu vyeusi vya kiume vikifuata mwanga wa tochi ya mhudumu. Viatu vya mtoto vikining'inia bila kufika sakafuni. Usiku mmoja niliona miguu mitupu ya mwanamke akishuka kwenye njia ya katikati, viatu vyake ameshika mkononi asipige kelele. Alisimama ukutani hadi niliposhuka, ndipo akaenda kuketi. Sikumfahamu, na sura yake ilipotea mara taa zilipozimwa. Lakini kwa miaka mingi nilimchezea yeye.

Sasa vodevili. Kwenye kumbi kubwa orodha ilikuwa na zamu 8 au 9, na kila nafasi ilikuwa na kazi yake. Ya kwanza walipewa wasiosema: wanasarakasi, wanyama, warushaji wa mipira na visu. Sababu ni kwamba mlango ukigongwa na viti vikilia hakuna neno linalopotea. Ya pili ilikuwa ya wimbo au ngoma ya kutuliza ukumbi. Kisha igizo fupi, kisha joto linapanda hadi mapumziko. Baada ya mapumziko ilitakiwa zamu yenye nguvu ya kuwarudisha watu vitini, lakini isiwe kubwa kuliko zinazofuata. Nyota wa usiku alicheza nafasi ya pili kutoka mwisho. Wa mwisho kabisa, mara nyingi tena wasiosema, walicheza huku watu wakivaa makoti, na wenyewe walikuwa na msemo kwamba wanachezea mikato ya nywele, kwa kuwa visogo ndivyo walivyoviona.

Msimamizi wa jukwaa ataona jambo jingine humo. Mchekeshaji aliyesimama mbele ya pazia lililoshushwa alikuwa hapo pia kwa sababu nyuma yake mafundi walikuwa wakibeba meza, ngazi na kisanduku cha mfanya mazingaombwe. Alitakiwa kuwashika watu kwa dakika zilezile ambazo mafundi walizihitaji, na asimame mahali ambapo kicheko kingefunika kishindo cha nyundo. Orodha nzuri ilipangwa kwa sikio na kwa mgongo wa fundi kwa pamoja.

Keith alikuwa ameongeza ugumu. Tangu 1885, kwenye kumbi zake onyesho lilizunguka mfululizo kutwa nzima, unaingia saa uitakayo na kukaa hadi uchoke. Aliyepangiwa saa ya chakula cha jioni aliimbia viti. Kwa hiyo hapo hata nyota hakuwa na hakika ya macho.

Kwa kikundi chako shauri langu ni hili: msifanye mchezo wenu mgumu kuliko wote katika dakika mbili za mwanzo, maana hakuna wa kuuona. Anzeni na kitu kikubwa kinachoonekana kutoka mlangoni, watu kwa urefu, rangi, mnara wa miili. Mambo ya vidole na mizani yawekeni baadaye viti vikishanyamaza. Na mkidai nafasi nyingine, daini kwa kuonyesha kwamba vifaa vyenu vinaondoka jukwaani haraka. Hoja hiyo humlainisha msimamizi kuliko malalamiko yoyote. Nilikuwa msimamizi, najua.

Siku hizi tunahesabu waliotazama na waliopenda. Wao walijuaje nani kapokelewa vizuri na nani alipwe zaidi?

Walihesabu pia, kwa saa ya mfukoni na masikio.

Kumbi za Keith na mshirika wake Edward Albee zilikuwa mtandao wa miji mingi. Wiki ilianza Jumatatu. Baada ya onyesho la kwanza la Jumatatu meneja wa ukumbi alikaa akaandika ripoti ya kila zamu: jina, dakika ngapi, jukwaa zima au sehemu ya mbele tu, na watu waliipokeaje. Ripoti za mwaka 1902 hadi 1923 zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Iowa. Nimezisoma kurasa kadhaa na nilitetemeka kidogo, kwa sababu humo mtu mzima, pamoja na mkewe, farasi wake na miaka 20 ya mazoezi, anamalizwa kwa mistari mitatu. Meneja anapima kwa sehemu za ukumbi: walio juu kwenye roshani ya bei ya chini wamependa, wa viti vya mbele wamekaa kimya, au kinyume chake. Utani uliozidi mpaka unaondolewa siku hiyohiyo, kabla ya onyesho la usiku. Kisha ripoti inakwenda makao makuu, na wiki ijayo mji mwingine tayari unajua.

Roshani ya juu ndiko walikokuwa wajuzi. Walilipa kidogo, walikuja kila wiki, walikumbuka utani wa mwaka juzi na walipiga miluzi ukirudiwa. Msanii mwenye akili aliinua kidevu chake kidogo na kuwachezea wao, maana sauti inayofika kule juu imewafikia wote.

Hadhira ngumu kuliko zote ilikuwa ya Jumatatu mchana kwenye ukumbi wa Palace, New York, uliofunguliwa tarehe 24 Machi 1913. Wengi wa walioketi walikuwa mawakala, mameneja na wasanii wenzako waliokosa kazi wiki hiyo. Kuwafanya hao wapige makofi kulibadilisha maisha ya mtu. Palace yenyewe ilianza vibaya, ikaja kusimama Mei mwaka huohuo alipoletwa mwigizaji mashuhuri Sarah Bernhardt kutoka Ufaransa, mwenye miaka 68, akaigiza kwa Kifaransa. Wengi hawakuelewa neno. Walisikiliza tu.

Malipo, basi, yalifuata ripoti, lakini si kwa haki siku zote. Kuanzia 1906 kazi nyingi za kumbi kubwa za mashariki zilipitia ofisi moja ya Keith na Albee, iliyokata asilimia 5 ya ujira wa msanii. Waliojaribu kugoma walijikuta hawana ukumbi wa kuchezea. Makofi hayakumlinda mtu dhidi ya ofisi hiyo.

Ni sinema iliyoua vodevili?

Sinema, redio na ufukara wa baada ya 1929, kwa pamoja. Lakini sinema ililelewa na vodevili yenyewe. Tarehe 23 Aprili 1896 picha zinazotembea za Vitascope zilionyeshwa kwenye ukumbi wa Koster and Bial's, New York, zikiwa zamu moja tu katika orodha ya usiku. Mwaka 1932 Palace ikageuzwa ukumbi wa sinema. Mgeni alikuwa amechukua nyumba nzima.

Mama, mwalimu wangu wa uchekeshaji ananikataza kucheka utani wangu mwenyewe. Nahisi watu wataniona nina hasira. Nimsikilize?

Msikilize, mwanangu, ila ujue sheria hii ilifundishwa na watazamaji wenyewe.

Buster Keaton alizaliwa 1895 na alipanda jukwaani na wazazi wake akiwa bado mtoto mdogo sana. Mchezo wao ulikuwa baba kumrusha mtoto mtukutu: ukutani, kwenye mapazia, wakati mwingine hadi kwa wapiga muziki. Mgongoni mwa koti lake ulishonwa mshikio wa sanduku la safari ili baba apate pa kushika. Chama cha kulinda watoto cha New York kiliwaandama, na mtoto alikaguliwa mwili kutafutwa alama za vipigo. Mimi nimefundishwa kuanguka tangu nina miaka 9 na nakwambia kwamba kuanguka vile bila kuumia ni elimu kubwa. Hata hivyo nisingemrusha mwanangu.

Keaton alisimulia baadaye kwamba aligundua jambo akiwa mdogo: akitabasamu baada ya kurushwa, watu hawacheki. Akiinuka uso mkavu kama ubao, wanaanguka vitini. Nadhani ni kwa sababu mtoto anayetabasamu anawaambia kuwa yeye ameshalimaliza jambo, ilhali uso mkavu unawaachia wao walimalize. Jaribu usiku mmoja hivi, usiku mwingine vile, na usikilize. Usiamini kioo cha nyumbani.

Kulikuwa na watu weusi katika vodevili? Na waliketi wapi?

Asante kwa kuuliza yote mawili pamoja, maana hayatengani.

Walikuwapo. Aliyepanda juu kuliko wote alikuwa Bert Williams, aliyezaliwa Nassau, Bahamas, mwaka 1874. Pamoja na mwenzake George Walker walizunguka kumbi za vodevili, na Februari 1903 onyesho lao la muziki, In Dahomey, lilifika Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za New York, kisha London, likachezwa hadi kwenye kasri la Buckingham. Mwaka 1910 Williams aliajiriwa kwenye maonyesho makubwa ya mtayarishaji Ziegfeld, kati ya wasanii weupe.

Alikuwa mtu mweusi aliyepakwa rangi nyeusi. Desturi iliyoanzishwa na waigizaji weupe ya kujipaka masizi ya kizibo kilichochomwa ilikuwa imewazoesha watazamaji kiasi kwamba mweusi wa kweli naye alitakiwa kuivaa sura hiyo ya bandia. Alivaa na glavu, akapanda. Na watu wake, waliotoa pesa zao kumwona, kwenye kumbi nyingi walielekezwa mlango wa pembeni na ngazi za roshani ya juu kabisa. Hata In Dahomey ilipochezwa Broadway, viti vya chini vilikuwa vya weupe. Katika miaka ya 1920 ulikuwapo mtandao wa kumbi zilizohudumia watazamaji weusi, ukijulikana kwa herufi TOBA. Huko ndiko walikoimba Ma Rainey na Bessie Smith. Malipo yalikuwa duni na safari za kuchosha.

Mchezo wa Williams ninaoupenda kuliko yote hauna neno hata moja. Taa moja ndogo inamwangaza yeye peke yake, uso na mikono. Anacheza karata za poka na watu ambao hawapo. Anagawa. Anainua karata zake kidogo sana, kama mtu anayefungua barua ya mkopo, na jicho linamtoroka kwa furaha kabla hajalikamata. Anaweka dau. Anamtazama wa kushoto, anamtazama wa kulia, na wewe unawaona. Kisha zile karata nzuri zinashindwa na nzuri zaidi, na uso wake unashuka polepole. Mchezo huo aliurekodi kwenye filamu mwaka 1916, nami nimeutazama mara nyingi bila sauti, kwa kuwa sauti haukuwa nayo. W. C. Fields, aliyefanya naye kazi, alisema Williams ndiye mcheshi kuliko wote aliowahi kuwaona na mwenye huzuni kuliko wote aliowahi kuwajua.

Mwishoni mwa Februari 1922, akiwa Detroit na nimonia ikiwa imemkaba, alipanda jukwaani vilevile. Katikati ya onyesho aliishiwa nguvu akaanguka. Inasimuliwa kwamba ukumbi ulicheka, kwa kuwa walidhani ni sehemu ya mchezo, na walikuwa bado wanacheka alipokuwa akisaidiwa kutoka. Alifariki New York tarehe 4 Machi, akiwa na miaka 47.